Kuipiga picha nebula ya Carina kutoka juu ya paa la Dar es Salaam

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Tabata, Dar es Salaam. Mwaka huu nimenunua kwa mtu darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 80 na urefu wa fokasi wa milimita 400, kitako cha ikweta chenye mota ya kuifuatisha darubini mwendo wa nyota, na kamera ya kupozwa inayopiga nyeusi na nyeupe tu. Nilipewa pia kichujio kimoja cha haidrojeni-alfa cha nanomita 7. Katikati ya mwezi wa sita, saa tatu usiku, nilipanda juu ya paa nikailenga nebula ya Carina na kuiacha kamera wazi dakika kumi. Nilichopata ni kijivu kitupu chenye chengachenga, na nyota zimevutika kama punje za mchele. Jirani yangu ananiambia nisijisumbue, kwamba bila kwenda porini mbali na taa siwezi kupata kitu. Je, ni kweli? Na zile rangi za dhahabu na samawati tunazoziona kwenye picha za watu ni za kweli au zimepakwa?

Jibu: Marahaba. Nianze na jirani yako, maana ushauri wake ungekutoa nauli bure. Angekuwa sahihi kama ungetaka picha ya kawaida ya rangi, ya galaksi kwa mfano. Kwa galaksi, mbingu ya Tabata ni ukuta. Lakini nebula ya Carina ni gesi inayong'aa kwa rangi chache sana, kila moja mahali pake hasa, na kichujio ulichopewa kimetengenezwa kupitisha moja tu ya rangi hizo. Paa lako linatosha. Mwezi wa sita ulishindwa na mambo mengine: kitako chako hakikulenga vizuri ncha ya kusini ya mbingu, yaani nukta ambayo nyota zote za kusini huonekana kuizunguka, nebula yenyewe ilikuwa inakwenda kutua, na ulitarajia fremu moja, yaani mpigo mmoja wa shata, iwe picha. Fremu moja ni tofali. Nyumba haijaanza.

Kwanza uelewe kichujio chako kinafanya nini, kwa sababu ukikielewa, maamuzi mengine yote yatakuja yenyewe.

Ndani ya nebula ya Carina kuna nyota changa, kubwa na za moto mno, zinazomwaga mionzi ya urujuanimno. Mionzi hiyo inaing'oa elektroni kutoka kwenye atomu ya haidrojeni. Elektroni inaporudi nyumbani hushuka ngazi kwa ngazi, na kila inaposhuka kutoka ngazi ya tatu kwenda ya pili hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, wekundu uliokolea. Iwe Carina, iwe Orion, ni namba ile ile. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa kijani chenye usamawati cha nanomita 500.7. Salfa iliyopoteza elektroni moja hutoa wekundu wa mistari miwili pacha, nanomita 671.6 na 673.1. Hiyo ndiyo mistari mitatu tunayoifukuza usiku kucha.

Huo mstari wa oksijeni una kisa ninachokipenda. Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins aliupitisha mwanga wa nebula moja ya kundi la nyota la Draco katika chombo cha kuutawanya, akaona mistari ya kijani isiyolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Wataalamu wakadhani wamepata elementi mpya, wakaiita nebulium. Ilichukua hadi mwaka 1927 kwa Ira Bowen wa Marekani kuonyesha kwamba ni oksijeni hii hii tunayoivuta puani, ila ikiwa kwenye gesi nyembamba kiasi kwamba atomu hukaa makumi ya sekunde bila kugongwa na nyingine, ikapata nafasi ya kutoa mwanga ambao hapa duniani, kwenye hewa nzito, haipati muda wa kuutoa. Kwa hiyo unapopiga picha kwa kichujio cha oksijeni unapiga picha ya utupu wenyewe.

Sasa linganisha na taa za mtaani. Taa nyeupe za LED zimetapakaza mwanga wake kuanzia samawati ya nanomita 450 hivi, zikapita kwenye njano hadi kwenye wekundu. Macho na kamera za kawaida hupokea upana wa nanomita kama 300. Kichujio chako kinafungua mlango wa nanomita 7. Ukichukulia kwamba mwanga wa mji umesambaa sawasawa, anaingia kama asilimia 2 tu ya mgeni usiyemtaka, huku mwanga wa haidrojeni wa nebula ukipita karibu wote. Ndiyo maana nasema usiende porini kwa ajili ya kazi hii. Porini nenda kwa ajili ya macho yako, na hilo ninakuombea ulifanye siku moja, lakini kwa haidrojeni-alfa bakia nyumbani penye umeme, kiti, na mtu wa kukuletea chai.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea: kichujio hiki si cha jua. Kina jina linalofanana na la vifaa vya kutazamia jua, na kuna watu wamevichanganya. Usiielekeze darubini juani ukiwa umekiweka hicho, hata kwa sekunde moja.

Tuje kwenye kile kijivu. Fikiria kila pikseli ya kamera ni kikopo kilichowekwa chini ya bomba linalodondosha tone moja moja, na tone ni elektroni moja iliyoletwa na mwanga. Yapo matone ya nebula na yapo matone ya mbingu ya mji, na yote yanaingia kikopo kimoja. Mwisho wa fremu kamera inapima kilichomo, na kila inapopima inakosea kidogo. Kosa hilo la usomaji, kwa kamera za kisasa za aina yako, ni kama elektroni 1.5. Ukifunga shata mapema mno, kosa la kupima linakuwa kubwa kuliko tofauti unayoitafuta kati ya pikseli na pikseli. Ukiacha wazi mpaka matone ya mbingu peke yake yafikie kama mara 10 ya mraba wa kosa hilo, kosa la usomaji linamezwa, na kuongeza urefu wa fremu baada ya hapo hakukupi faida ya maana.

Mraba wa 1.5 ni 2.25, mara 10 ni 22.5. Tuseme kwa darubini yako, kichujio chako na mbingu ya mjini kila pikseli inapata elektroni 0.15 za mbingu kwa sekunde. Gawanya: sekunde 150. Basi dakika tatu zinatosha! Hukuhitaji dakika kumi. Namba yako halisi ipime mwenyewe: piga fremu moja, tazama thamani ya kati ya mandhari tupu, toa thamani ya fremu ya giza (iliyopigwa kamera ikiwa imefunikwa), kisha igeuze kuwa elektroni kwa kutumia kipimo kilicho kwenye karatasi ya kamera. Ukija kununua kichujio cha nanomita 3, mbingu itafifia zaidi, na hapo ndipo fremu za dakika sita au saba zitakuwa na maana.

Watu wanaposikia kwamba kazi hii inataka mwanga wa muda mrefu, hudhani ni shata moja iliyoachwa wazi muda mrefu. Urefu ni wa jumla. Fremu 60 za dakika tatu ni saa tatu, na ukizilundika juu ya nyingine, nebula inabaki pale pale kwenye kila fremu ilhali chenga zinacheza huku na huko na kufutana. Ubora unapanda kwa kipeuo cha pili cha idadi: fremu 60 zinakupa karibu mara 8 ya ubora wa fremu moja. Sheria hiyo haina huruma. Kuupandisha ubora mara mbili unahitaji muda mara nne, kwa hiyo usiku wa kwanza unakupa furaha kubwa, na nne zinazofuata zinakupa kidogo kidogo. Mimi kwa haidrojeni ya Carina huridhika na saa tatu au nne, kwa kuwa ni mojawapo ya nebula zinazong'aa kuliko karibu zote mbinguni. Kwa oksijeni ninaongeza hadi tano, kwa salfa sita.

Na hapa nikupe moyo. Nicolas-Louis de Lacaille, Mfaransa aliyeiandika nebula hii kwa mara ya kwanza mwaka 1752 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, alitumia kijidarubini chenye lenzi ya kipenyo cha nusu inchi. Lenzi yako inakusanya mwanga zaidi ya mara 35 ya lenzi yake.

Huyo Lacaille ndiye pia aliyelipasua lile kundi kubwa la nyota la kale lililoitwa merikebu ya Argo, akazigawa sehemu zake kwa majina ya Kilatini. Carina maana yake ni mkuku, ule ubao mkuu wa chini ya chombo. Puppis ni tezi, yaani nyuma ya chombo. Vela ni matanga. Mtu wa pwani akisikia hivyo anaona jahazi zima limelala kusini mwa mbingu. Na nyota ing'aayo kuliko zote kwenye huo mkuku ni Suheli, ile ile ya mabaharia, ambayo kwenye ramani za nyota imeandikwa Canopus. Nebula yako haipo karibu na Suheli lakini. Simama ukitazama kusini, utafute Msalaba wa Kusini, kisha nyoosha mkono na upime ngumi moja na kidogo kuelekea magharibi, yaani mkono wa kulia nyota hizo zinapokuwa juu kabisa. Hapo ndipo ilipo.

Turudi kwenye zile punje za mchele. Dunia inazunguka, na nyota zilizo usawa wa Carina husogea sekunde 7.5 za tao (sekunde ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii) kwa kila sekunde ya saa. Kamera nyingi za aina yako zina pikseli za mikromita 3.76. Kwa urefu wa fokasi wa milimita 400, kila pikseli inaona kama sekunde 1.9 za tao. Bila mota, nyota ingevuka pikseli nne kwa sekunde moja tu. Mota inafuta mwendo huo, mradi mhimili wake uelekee hasa kwenye ncha ya mbingu. Kosa la dakika 10 za tao, ambalo ni sehemu ya sita ya digrii, linaweza kuivuta nyota pikseli 13 katika dakika zako kumi. Nadhani ndicho kilichokutokea.

Sisi wa karibu na ikweta tuna shida ambayo vitabu vya Ulaya na Marekani havihangaiki nayo. Dar es Salaam ipo digrii 6.8 kusini, kwa hiyo ncha ya kusini ya mbingu iko digrii 6.8 tu juu ya upeo. Iko nyuma ya nyumba ya jirani, ndani ya vumbi na mwanga wa mji. Nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu hata kwa macho mazuri penye giza. Tena hewa ya chini hupinda mwanga: katika kimo hicho ncha huonekana imeinuliwa kama dakika 7 za tao kuliko mahali pake halisi. Usijaribu kuilenga kwa macho. Tumia njia isiyohitaji kuiona. Programu ya NINA, ambayo ni ya bure, ina nyongeza inayopiga picha tatu mahali popote mbinguni, inatambua nyota zilizomo, inakokotoa mhimili wako unaelekea wapi, kisha inakuongoza uzungushe skrubu mpaka kosa liishe. Huna kompyuta ya kufaa? Tumia njia ya zamani: iangalie nyota iliyo karibu na utosi wako inavyoteleza kwenda kaskazini au kusini, rekebisha upande wa mashariki-magharibi, kisha fanya hivyo kwa nyota iliyo chini mashariki ili urekebishe kimo. Ni polepole, inakula saa nzima, lakini haijawahi kuniangusha.

Tatizo la pili la ikweta ni chuma. Vitako vingi havishuki hadi digrii 7. Vinagoma kwenye 10 au 15, au uzito wa kusawazisha unagonga mguu wa tripodi. Igeuze tripodi ili mguu mmoja uwe kaskazini na uwazi kati ya miguu miwili uwe kusini, ambako uzito unateremkia. Kisha, kama kitako kinagoma kwenye digrii 15, inua mguu wa kaskazini. Ikiwa kutoka mguu huo hadi mstari wa miguu miwili ya kusini ni sentimita 80, kipande cha ubao cha sentimita 11 kinakupa digrii 8 zinazokosekana. Hakikisha tu kwamba darubini ikizunguka kote kote tripodi haielemei kusini. Nimewahi kuidaka yangu hewani, na moyo wangu ulichukua muda kurudi mahali pake.

Ukishalenga vizuri, ongeza kamera ndogo ya kuongoza kwenye darubini ya pembeni, na programu ya PHD2, ya bure pia, iiangalie nyota na kuisahihisha mota kila sekunde chache. Iambie isogeze darubini pikseli chache kila baada ya fremu mbili au tatu. Msogeo huo unaonekana kama fujo, kumbe ndio unaozitawanya pikseli mbovu zisijirudie mahali pamoja wakati wa kulundika.

Majira. Katikati ya Juni saa tatu usiku nebula ilikuwa imebaki digrii kama 23 juu ya upeo wa Dar es Salaam, mwanga wake unapita hewa mara mbili na nusu ya ile iliyo utosini. Haivuki digrii 37 hapa kwetu hata ikiwa kilele, kwa hiyo kila digrii ni mali. Inafika kilele usiku wa manane mwanzoni mwa Machi, na masika ya pwani hubisha hodi karibu na hapo. Dirisha lako zuri ni Januari na Februari, wakati wa kaskazi, vuli imeisha na masika hayajaanza. Mwanzoni mwa Februari iko juu ya digrii 30 kuanzia saa sita usiku hadi karibu saa kumi na moja alfajiri. Saa tano nzima kwa usiku mmoja! Usiku mmoja wa mbingu safi na haidrojeni yako imekamilika.

Ila Februari ya Dar es Salaam ina joto na unyevu. Usiku hewa inaweza kubaki nyuzi joto 27. Kipoozeo cha kamera za aina yako kwa kawaida hushusha kama nyuzi 35 chini ya hewa, basi usilazimishe hasi 15 kama wanavyofanya watu wa nchi za baridi. Weka hasi 5, na kama kipoozeo kinahangaika, weka sifuri. Muhimu ni kutobadilisha, maana chenga za joto hupungua kwa nusu kwa takriban kila nyuzi 6 au 7, na fremu zako za giza lazima zipigwe kwa joto lile lile na muda ule ule. Umande ni adui mkubwa kuliko taa zote za jiji. Usiku wangu wa kwanza wa Carina nilikaa saa tatu nikifurahia grafu ya mota ilivyotulia, nikaja kugundua lenzi ilikuwa imefunikwa na ukungu tangu saa ya kwanza. Funga mkanda wa joto kuizunguka lenzi tangu mwanzo, hata kama unaona hewa kavu. Ukimaliza, futa chumvi ya bahari kwenye vyuma na uihifadhi darubini kwenye sanduku lenye silika ya kunyonya unyevu, kwa kuwa kuvu wa lenzi wakishaingia hawatoki. Na uwe na betri ya volti 12. Umeme ukikatika katikati ya fremu ya arobaini, utapoteza ulengaji pamoja na fremu.

Fokasi ifanye kwa nyota kubwa, na Suheli itakuwepo juu usiku huo ikikusubiri. Tumia kinyago cha Bahtinov, kile cha plastiki chenye mipasuo kinachovalishwa mbele ya lenzi ili uone fokasi imekaa sawa, na rudia kila baada ya saa moja na kila unapobadilisha kichujio.

Mwezi usikutishe kwa haidrojeni. Mimi hupiga haidrojeni-alfa hata mwezi ukiwa mpevu, mradi usiwe karibu na nebula. Oksijeni ni habari nyingine: mwanga wa mbalamwezi unaotawanywa na hewa huegemea samawati, na taa za LED nazo zina nguvu upande huo. Oksijeni itunzie siku za giza.

Katikati ya nebula kuna nyota Eta Carinae, nayo itakuunguzia pikseli. Mwanafalaki Mwingereza John Herschel alikuwa huko huko Rasi ya Tumaini Jema ilipoanza kulipuka Desemba 1837 mbele ya macho yake, na mwaka 1843 ilikuwa imeipita hata Suheli kwa kung'aa, ikabaki chini ya Sirius peke yake, nyota ing'aayo kuliko zote za usiku. Siku hizi imetulia, lakini mazingira yake bado ni makali sana. Piga fremu kama 20 za sekunde 20 kwa ajili ya kitovu tu, utazichanganya baadaye. Ndipo utakapoiona ile Tundu la Ufunguo, doa jeusi la vumbi karibu na nyota hiyo ambalo Herschel alilichora.

Kabla ya kulala piga fremu za mwanga sawia: funika lenzi kwa fulana nyeupe iliyonyooshwa, weka juu yake skrini ya tableti inayong'aa, piga 30. Zitaondoa vivuli vya vumbi na giza la pembeni. Fremu za giza 30 za dakika tatu unaweza kuzipiga mchana, kamera ikiwa imefunikwa kabisa. Kisha ingiza vyote kwenye Siril, programu ya bure, ikusafishie, izipange nyota juu ya nyota na kuzilundika. Na jambo hili hawaambiwi wanaoanza: matokeo yatakuwa meusi. Usifadhaike. Nebula imelala kwenye sehemu ya chini kabisa ya mizani ya mwanga, na unapaswa kuiinua taratibu kwa kunyanyua vivuli bila kuunguza nyota. Hata ile fremu yako ya kijivu ya mwezi wa sita, nina hakika, ina nebula ndani yake. Ifungue kwenye Siril, ondoa fremu ya giza, inua vivuli. Ifanye leo, kabla hujanunua chochote.

Rangi sasa. Swali lako ni zuri na linastahili jibu la wazi.

Kamera yako haioni rangi. Inahesabu matone. Unapata picha tatu za kijivu, moja ya kila gesi, na wewe unaamua kila moja iingie kwenye mkondo gani: mwekundu, kijani au samawati. Mpangilio uliopata umaarufu kwa picha ya darubini ya Hubble ya mwaka 1995, ile ya nguzo za vumbi katika nebula ya Eagle, uliipa salfa wekundu, haidrojeni kijani na oksijeni samawati. Dhahabu unayoiona hutokea pale salfa na haidrojeni zinapochanganyika. Jicho lisingeona hivyo, kwa sababu salfa na haidrojeni zote ni nyekundu, zimetofautiana nanomita 15 tu, na jicho halina uwezo wa kuzitenganisha. Hata ungepanda chombo ukaisogelee Carina, ungeona rangi iliyopauka, kwa kuwa gizani jicho letu ni kipofu kwa wekundu ule uliokolea.

Je, basi ni uongo? Hapana. Ni ramani. Ramani ya Tanzania inapaka milima kahawia na mabonde kijani, na hakuna anayelalamika kwamba Kilimanjaro si kahawia. Kila rangi kwenye picha hiyo inasimamia kitu kilichopimwa: samawati inapotawala, kuna mionzi mikali ya kutosha kuing'oa oksijeni elektroni mbili, dhahabu inapopiga ukingoni, gesi inakutana na ukuta wa vumbi. Ukiwa na haidrojeni na oksijeni tu, weka haidrojeni kwenye wekundu, oksijeni kwenye kijani na samawati, upate picha iliyo karibu zaidi na rangi za asili. Mimi naupendelea mpangilio huo kwa Carina. Ramani inageuka uongo pale mtu anapochora nyuzi za gesi kwa brashi, au anapoiachia programu ya kunoa picha ibuni maumbo ambayo hayakuwemo kwenye fremu. Hilo linaniuma kila ninapoliona, maana mwanga huo umesafiri zaidi ya miaka 7,000 kufika kwako. Andika chini ya kila picha vichujio ulivyotumia, muda wa jumla, na gesi ipi umeipa rangi ipi.

Kwa hiyo usikimbilie kununua vichujio viwili vilivyobaki. Haidrojeni pekee inatoa picha ya nyeusi na nyeupe yenye nguvu kuliko zote tatu, na kamera nyingi za aina yako, zenye sensa ya mraba ya milimita 11 hivi, zitakupa uwanja wa digrii 1.6 kwa 1.6, unaojaa nebula karibu ukingo hadi ukingo. Kuanzia sasa hadi Januari fanya mazoezi na Lagoon, iitwayo pia M8, ambayo hupita kwenye kimo cha digrii 72 hapa Dar es Salaam na inapatikana jioni za Julai hadi Septemba wakati mbingu ya pwani imekauka. Ijue skrubu ya kitako chako gizani bila tochi. Februari ikifika, lenga Eta Carinae katikati, piga saa zako tatu, kisha usiku mwingine isogeze darubini digrii moja na nusu kaskazini-magharibi, ukutane na NGC 3324, ule ukingo wa majabali ya gesi ambao darubini ya James Webb iliuonyesha Julai 2022. Ung'avu wa haidrojeni pale unatosha kabisa kwa lenzi ya milimita 80.